Matibabu ya kansa ya titi yameisha, sasa unaishije: mkono, vidonge, sidiria na mengine ambayo wengi hatukuambiwa

Ukishamaliza mionzi watu wanakupa hongera, mchungaji au shehe anakuombea, ndugu waliokuwa wanakuletea uji wanarudi makwao, simu zinapungua, alafu unabaki wewe na mkono usionyanyuka, vidonge vya miaka 5 na titi moja. Na ukisema unaumwa unajibiwa "shukuru Mungu, wenzio wako ardhini". Jamani, mi namshukuru Mungu kila siku na mkono bado unauma, yote mawili yapo na hakuna linalofuta lingine. Kwa hiyo dada yangu, mama yangu unayesoma hapa, hii nimekuandikia wewe uliyemaliza yale matibabu makubwa.

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar. Nilikutwa na ugonjwa nikiwa na miaka 43, titi la kulia likatolewa lote pamoja na tezi za kwapani, nikapigwa kemo, yaani zile dawa kali za kuua kansa, nikamalizia mionzi hospitali ya kansa ya Ocean Road, sasa hivi niko mwaka wa 6. Sio daktari. Ya dawa nitakayosema ni yale niliyofundishwa kliniki na kuyauliza tena na tena mpaka nikaelewa, ila wewe una faili lako, ukiona nimesema tofauti na daktari wako mfuate yeye na umuulize kwa nini, una haki ya kuuliza.

Kwanza faili

Kabla ya yote hakikisha karatasi zako unazo nyumbani. Majibu ya kinyama, kile kipande kilichokatwa kikapimwa maabara, kansa ilikuwa ya aina gani, ina vipokezi vya homoni (yaani inakuzwa na homoni za mwili) au haina, HER2 (protini inayoifanya kansa ikue haraka) ipo nyingi au haipo, operesheni ilifanyika lini na walitoa nini, kemo ulipata dawa gani na mizunguko mingapi, mionzi mara ngapi. Toa fotokopi, piga picha kwa simu, mtumie na mtu mmoja unayemwamini. Madaktari wanahama, na mafaili yanapotea, la kwangu liliwahi kupotea kwenye hospitali moja nikakaa benchi kuanzia asubuhi mpaka saa tisa wanalitafuta. Na kuna sababu kubwa zaidi: ile kemo nyekundu, doksorubisini, inaweza kuuchosha moyo hata miaka mingi baadaye, sasa siku ukienda hospitali nyingine unahema ukipanda ngazi, miguu imejaa, yule daktari mgeni asipojua kwamba uliipata atahangaika kutafuta mahali pengine.

Mkono wa upande uliokatwa

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndo panapotutesa wengi, na kwetu mkono ndo kila kitu, ndo unaofua, unaosonga ugali, unaokuna nazi, unaobeba ndoo.

Kuna vitu viwili tofauti, watu wanavichanganya. Cha kwanza ni bega kukakamaa, cha pili ni mkono kuvimba.

Bega linakakamaa kwa sababu ya kovu, na mionzi inaongezea, yaani unaweza kuwa ulishaanza kunyanyua vizuri alafu miezi kadhaa baada ya mionzi ukaona linarudi nyuma. Ndo maana mazoezi huachi kidonda kikipona, unaendelea. Wengine wanapata kitu kama nyuzi za gitaa chini ya ngozi, zinatoka kwapani zinashuka mpaka kwenye kiwiko, ukinyoosha mkono zinavuta, mi zilinitisha nikadhani ugonjwa umerudi. Sio kansa. Ni mishipa midogo na tishu zimekaza baada ya operesheni, zinalegea kwa kunyoosha taratibu na kwa msaada wa mtu wa fiziotherapi, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni la ukuta. Unasimama unautazama ukuta, karibu, unaweka vidole vya mkono mgonjwa ukutani unavitembeza kwenda juu kama mdudu anavyopanda, ukifika panapovuta unasimama hapo unahesabu mpaka 10 huku unapumua, unashuka pia kwa vidole, usiuachie mkono ukaanguka. Mara 5 asubuhi, mara 5 jioni. Ivute, lakini isikuchane. Mi nilikuwa naweka alama kwa chaki pale vidole vinapoishia na tarehe pembeni. Siku ya kwanza viliishia kwenye swichi ya taa. Wiki nzima pale pale kwenye swichi, nililia. Alafu ikaanza kupanda, sentimita moja, mbili, mwezi wa 4 nikagusa fremu ya mlango kwa juu. Zile alama hazijafutwa mpaka leo, tulipopaka rangi nyumba baba watoto alimwambia fundi huu ukuta uache.

Niliporudi kazini nilikuwa naandika nusu ya chini tu ya ubao, watoto wa nyuma wakawa wanasimama ili waone. Hawakuambiwa na mtu, walisimama tu wakaandika, wakakaa. Kwa hiyo na wewe ukirudi kazini usianze na kila kitu, chagua kile mkono unachoweza na ukiseme wazi kwa wenzio, wengi wataelewa.

Mazoezi mengine ni ya kawaida tu, kuchana nywele au kufunga kilemba mwenyewe kwa mkono ule ule, kupeleka mkono mgongoni kama unafunga sidiria, kupitisha kanga juu ya mlango imara na kuvuta upande mmoja ushuke na mwingine uinuke, kufumba na kufumbua ngumi mkono ukiwa juu ya mito. Kwa Waislamu, ile takbira tu mikono inapopanda masikioni ni kipimo chako cha kila siku, utajiona mwenyewe unavyopiga hatua.

Sasa kuvimba. Zile tezi za kwapani ndo mifereji ya kurudisha maji ya mkono mwilini, zikitolewa au zikichomwa mionzi maji yanaweza kukwama. Inaweza kutokea baada ya miezi miwili, inaweza kutokea mwaka wa 7, hakuna anayeweza kukuambia lini au kama itatokea kabisa. Na haianzi na uvimbe wa kuonekana na majirani, inaanza na mkono kuwa mzito, pete kubana, mkono wa blauzi kuacha alama kwenye ngozi. Ukikamata hapo unaudhibiti vizuri, ukisubiri mpaka uwe mnene na mgumu utaishi nao.

Kwa hiyo nunua tepu ya fundi cherehani. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, asubuhi kabla hujafanya kazi, pima mikono yote miwili sehemu zile zile: kwenye kiganja, kwenye kifundo, sentimita 10 chini ya kiwiko na sentimita 10 juu ya kiwiko. Andika kwenye daftari. Mkono wa kazi huwa mkubwa kidogo kwa asili yake kwa hiyo usishtuke na nusu sentimita, unachoangalia ni mabadiliko kutoka mwezi hadi mwezi, na tofauti ikifika sentimita 2 usisubiri tarehe ya kliniki, nenda fiziotherapi. Watakufunga bandeji maalum au watakupa soksi ya mkono ya kubana na kukufundisha namna ya kuyasukuma maji yatoke kwa mkono mwepesi, mwepesi kama unapaka mafuta ngozi ya mtoto.

Nimesema mwepesi kwa sababu sisi tukiona uvimbe tunakimbilia kukanda kwa maji ya moto. Mama mkwe wangu alikuja na beseni, chumvi na taulo, kwa upendo kabisa, na mi sikutaka kumvunja moyo nikamwambia mama, huu mkono maji ya moto yanauongezea, nikande mgongo. Akanikanda mgongo nikalala kama mtoto. Basi hivo hivo na wewe, tafuta namna ya kukataa bila ugomvi, lakini kataa. Kukanda kwa moto na kusugua kwa nguvu hapana. Na kuchanjwa chale kwenye huo mkono hapana kabisa, yaani kabisa, kila tundu kwenye ngozi ile ni mlango wa wadudu.

Ukilima vaa glavu, ukipika kwenye jiko la mkaa shika sufuria kwa kitambaa kinene, paka mafuta ngozi isipasuke, lala kwenye chandarua, ukijikata hata kidogo osha kwa sabuni na uweke dawa ya kidonda. Mkono ukiwa wa moto, unang'aa, unauma na unasikia homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo upate antibayotiki. Vitabuni wanaandika "wekundu" ila kwa ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo shika, linganisha joto na mkono mwingine, usisubiri uone rangi.

Kupima presha, kuchomwa sindano, kutolewa damu, toa mkono mwingine. Wataalamu siku hizi wanasema hatari yake si kubwa kama tulivyotishwa zamani kwa hiyo kama nesi alikuchoma upande ule siku ya dharura usikose usingizi, ila kama mkono mzima upo si utoe huo.

Na kuhusu kubeba vitu. Mi niliambiwa "usibebe kitu kizito maisha yako yote", nikawa naogopa hata madaftari ya watoto. Kumbe mwaka 2009 Marekani walichapisha utafiti, wanawake waliokuwa tayari mkono umevimba wakanyanyua vyuma mara 2 kwa wiki, wakianza na vyepesi na kuongeza kidogo kidogo wakisimamiwa, mikono haikuzidi kuvimba, na waliolipukiwa na uvimbe walikuwa wachache kuliko wale wasionyanyua. Mkono unaoogopa kila kitu unakuwa dhaifu, na mkono dhaifu siku ukilazimika kubeba mtoto aliyelala ndo unaumia. Anza na chupa ya maji ya nusu lita, wiki mbili, ongeza. Ndoo ya lita 20 ya kichwani au ya mkononi sio mahali pa kuanzia, gawa kwenye vidumu vidogo, na wanaume wa nyumba wabebe, hiyo sio dharau kwao.

Kifua na sidiria

Matiti bandia ya silikoni yapo lakini bei yake sio ya mshahara wangu. Nitakuambia nilivyofanya.

Miezi miwili ya mwanzo kidonda bado laini, weka kitu chepesi tu, pamba iliyofungwa kwenye kitambaa cha pamba, basi. Kidonda kikishakomaa unahitaji uzito, maana usipokuwa na uzito upande mmoja sidiria inapanda juu, bega moja linashuka, na mgongo unaanza kuuma, hasa kama una titi kubwa.

Kujua uzito wenyewe fanya hivi. Weka beseni ndani ya karai kubwa, jaza beseni maji ya uvuguvugu mpaka mdomoni, inama taratibu uzamishe titi lililobaki mpaka kifua kiguse ukingo, maji yatamwagika kwenye karai. Yale yaliyomwagika yapime kwa jagi lenye alama. Maji mililita 600 ni gramu 600, na titi linakaribia uzito huo huo. Nenda sasa ukanunue ulezi, ulezi ni mzuri kwa sababu punje ni ndogo na laini, haichomi kama mchele, inatulia inafuata umbo. Shona kifuko cha kitambaa cha pamba laini chenye umbo la tone, chini kiwe kinene, upande wa kwapani kiwe na mkia kidogo kwa sababu pale ndo panabonyea. Ulezi ni mwepesi kuliko maji, kwa hiyo ukijaza mpaka uzito ufanane kifuko kitakuwa kikubwa kuliko titi lako. Mi nimechagua ukubwa ulingane, uzito upungue kidogo, na upande unaogusa kovu nimeweka pamba. Ulezi haufuliwi, ukilowa jasho unaota ukungu, kwa hiyo tengeneza ganda la nje la kuvua na kufua, na ulezi wenyewe badilisha kila baada ya wiki chache.

Sidiria tafuta yenye mikanda mipana na isiyo na waya, kwenye mitumba ya soko la Karume zipo nzuri tu, alafu mpelekee fundi ashone mfuko kwa ndani ili kifuko kisihame ukiinama. Fundi wangu ni kijana, mara ya kwanza nilimwambia ni ya mama mkubwa. Mara ya pili nikamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, akachukua tepu akapima upya, akasema "mwalimu ile ya kwanza nilishona bila kujua mkanda unatakiwa ubebe upande gani, lete niirudie". Akairudia bila kunidai hela.

Na kama hutaki kuweka chochote usiweke. Kuna dada kwenye kliniki yetu anavaa dera lake kifua flati na anapendeza sana. Ni mwili wako.

Jambo lingine, usishangae titi ambalo halipo likikuwasha. Neva zimekatwa, ubongo bado unalitafuta. Na ngozi ya ndani ya mkono juu inaweza kubaki na ganzi, kwa wengine inaisha, kwa wengine inabaki.

Vidonge vya homoni

Kama kansa yako ilikuwa na vipokezi vya homoni utakuwa umepewa tamoksifeni, kwa kawaida miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, wengine 10, au zile za kundi lingine kama anastrozoli na letrozoli ambazo ni za waliokoma hedhi. Nakuomba kitu kimoja, usiache kimya kimya. Wengi wetu tunaacha kwa sababu tunajisikia wazima, au tumeombewa, au joto limetuchosha, na tunamficha daktari. Kidonge hiki kinafanya kazi wakati huna dalili, ndo wakati wake. Ombewa, na mi naombewa, alafu meza.

Weka muda mmoja, mi nameza na chai ya asubuhi. Ukisahau siku moja usimeze viwili kesho yake. Kabla havijaisha ziwe zimebaki wiki mbili anza kufuatilia, kwa sababu kuna siku dirisha la dawa halina.

Ule moto wa ghafla unaotoka kifuani unapanda usoni, jasho, moyo unakimbia, wenzetu wa ughaibuni wana viyoyozi sisi tuko Dar mwezi wa pili umeme umekatika. Vaa pamba sio nailoni, lalia kanga na uweke nyingine kavu pembeni ubadilishe usiku bila kuamka sana, chupa ya maji baridi karibu, punguza pilipili, chai ya moto sana na pombe uone kama inabadilika. Andika siku saba inatokea saa ngapi baada ya nini. Ikizidi mwambie daktari, kuna dawa zisizo za homoni za kupunguza. Ila kama unatumia tamoksifeni usinunue dawa za sonona hovyo, kuna baadhi kama paroksetini na fluoksetini zinazuia mwili kuibadilisha tamoksifeni ifanye kazi. Na dawa za mitishamba, zozote, mtajie daktari jina lake. Usimfiche, hatakugombeza, na akikugombeza wewe umeshalinda mwili wako.

Ya kwenda hospitali haraka ukiwa kwenye tamoksifeni: mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi, kubanwa pumzi au kifua ghafla, hiyo inaweza kuwa damu imeganda. Na damu ukeni baada ya hedhi kukoma, hata matone, usiseme ni uzee, nenda wakaangalie mfuko wa uzazi.

Anastrozoli na letrozoli zinaumiza viungo, asubuhi unaamka kama bibi wa miaka 90, na zinapunguza uimara wa mifupa. Cha ajabu dawa nzuri ya viungo hivyo ni kutembea. Kula dagaa wazima na mifupa yao, maziwa, mtindi, mchicha, pata jua, na uliza kuhusu kipimo cha mifupa.

Uchovu, kusahau, ganzi

Uchovu wa baada ya kemo hauishi kwa kulala. Unaweza kulala masaa 10 ukaamka umechoka. Kinachousogeza ni kutembea kidogo kila siku, dakika 10 leo, 15 wiki ijayo, mpaka ufike dakika 150 kwa wiki. Kazi nzito zifanye saa unazojua una nguvu. Kusahau nako, mi niliwahi kusimama mbele ya darasa nikasahau jina la mtoto niliyemfundisha miaka miwili. Daftari dogo mfukoni, kila kitu andika, kwa wengi inapungua kadiri muda unavyokwenda.

Kama vidole vina ganzi kwa sababu ya kemo ya paklitakseli au doketakseli, kuwa makini na moto maana utaungua bila kusikia. Pima maji ya kuoga kwa kiwiko, vaa viatu vya kufunika, usitembee peku.

Chumbani

Hili hatulisemi, kungwi hakutufundisha, daktari anaona aibu na wewe unaona aibu. Uke unakauka, hamu inapotea, unalala na blauzi. Mi nililala na fulana miezi minane. Siku moja nikamwambia baba watoto taa izimwe, nikaushika mkono wake nikauweka kwenye kovu. Hakusema kitu, aliuacha mkono pale mpaka akasinzia. Hatukufanya chochote siku ile na hiyo ndo siku tuliyorudi kuwa mume na mke.

Kwa ukavu, kuna jeli za kulainisha za maji zinauzwa famasi bila cheti, omba tu. Mafuta ya nazi yanasaidia lakini yanaharibu kondomu. Chochote chenye homoni ya estrojeni, hata cha kupaka, usinunue bila daktari wako wa kansa kukubali.

Mimba sasa. Hedhi kukata kwa ajili ya kemo au vidonge sio kwamba huwezi kushika mimba, na tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto tumboni, wala sio uzazi wa mpango. Sindano, vijiti na vidonge vya majira vina homoni, hatushauriwi. Tumia kondomu au kitanzi cha shaba, sema neno shaba kabisa maana kuna kitanzi kingine cha homoni. Na wewe binti unayetaka mtoto usikate tamaa, mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa wanawake wa miaka 42 kushuka chini waliosimamisha vidonge kwa muda baada ya kuvitumia miezi 18 mpaka 30 ili wabebe mimba, na kwa kipindi kile walichofuatiliwa ugonjwa haukurudi zaidi kwao. Ila ni mpango unaoupanga na daktari, na mwili unaachwa miezi kadhaa dawa itoke kwanza.

Ambaye hujaolewa, nani umwambie na lini ni uamuzi wako. Huna deni la kumweleza mtu siku ya kwanza.

Chakula

Hapa napita haraka. Watu watakuambia usile sukari, usile nyama, unywe juisi ya majani fulani lita mbili. Hakuna juisi inayotibu. Unene baada ya matibabu ndo adui zaidi, na pombe, hata kidogo inaongeza hatari. Kula maharage, kunde, matembele, kisamvu, samaki, matunda, punguza chipsi na soda. Soya ya kwenye chakula haina shida.

Hofu, na kujiandaa na kliniki

Kila kichwa kikiuma unadhani imerudi. Sheria ninayoitumia: maumivu mapya nayaandika tarehe, yakikaa wiki 2 na hayapungui, au yanazidi, naenda bila kusubiri miadi. Za kuangalia ni hizi: maumivu ya mfupa mahali pamoja hasa usiku, kikohozi kisichoisha, kuhema, macho kuwa ya njano, kichwa kinachozidi na kutapika, kupungua uzito bila sababu, kijivimbe kwenye kovu, kwapani au juu ya mtulinga. Miguu kulegea ghafla pamoja na mgongo kuuma, hiyo ni siku hiyo hiyo. Ya siku mbili yanayoisha ni ya mwili wa kawaida, na wewe una mwili wa kawaida pia.

Ukikaa na huzuni kila siku kwa wiki 2, hulali, huli, vitu ulivyopenda havikugusi tena, hiyo ni ugonjwa na ina tiba, iseme kliniki kama unavyosema mkono.

Ratiba yenyewe kwa kawaida miaka 3 ya kwanza ni kila miezi 3 mpaka 6, mwaka wa 4 na wa 5 kila miezi 6 mpaka 12, baada ya hapo mara moja kwa mwaka, na mamogramu, yaani picha ya eksirei, ya titi lililobaki kila mwaka. Kupiga CT skani za mwili mzima mara kwa mara bila dalili hakuongezi maisha, usiuze kiwanja kwa ajili hiyo. Wape taarifa mabinti na dada zako umri uliogundulika nao, wamwambie daktari wao, huwa inabadilisha lini waanze kupimwa.

Usiende kliniki mikono mitupu. Daktari ana dakika chache na benchi limejaa, ukikaa pale kila kitu kinakutoka kichwani. Andika maswali 3 nyuma ya kadi na uanze na lile unaloliogopa, usiliache la mwisho mkono ukiwa kwenye kitasa. Ya kwangu mara ya mwisho yalikuwa haya: nikimaliza miaka 5 ya tamoksifeni naendelea mpaka 10 au naishia hapo, hii tofauti ya sentimita moja na nusu chini ya kiwiko tangu mwezi wa tisa niifanyeje, na je naweza kubeba mjukuu mgongoni. La mwisho alicheka akasema beba mwalimu, ila funga kanga isibane kwapani, badilisha bega.